Mjadala: Pesa za wanasiasa, makanisa yakatae kwa pamoja au kila moja lijiamulie?

Mleta mada:
Wadau, bwana asifiwe. Na wasiosali karibuni vilevile, jambo hili ni lenu pia.

Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilirudisha pesa alizotoa Rais Ruto katika kanisa la Soweto. Tukapiga makofi. Machi 2025, rais huyohuyo akatoa milioni 20 kwa Jesus Winner Ministry kule Roysambu, na Jumapili iliyofuata vijana wakaandamana, polisi wakarusha vitoza machozi. Kumbukeni Julai 2024 ni yeye mwenyewe aliyetangaza kwamba watumishi wa umma wasishiriki harambee!

Msimamo wangu: kanisa likikataa peke yake halijazuia kitu. Msafara wa mwanasiasa unahamia mtaa wa pili, basi. Askofu Mkuu Ole Sapit wa Kanisa la Anglikana (ACK) aliwanyima wanasiasa kipaza sauti Butere, Septemba 2021. Kwingine wakaendelea kupewa mimbari kama kawaida.

Na msiniambie makanisa hayawezi kuelewana. MEDS, ghala la dawa lililoanzishwa 1986, ni la maaskofu Wakatoliki pamoja na CHAK, chama cha huduma za afya cha Waprotestanti. Jumba la Ufungamano nalo ni mali ya Wakatoliki na NCCK, yaani baraza la makanisa ya Kiprotestanti, na kuanzia 1999 ndimo walimoketi na Waislamu na Wahindu kudai katiba itokane na wananchi, wakati Rais Moi akitaka kazi hiyo ibaki bungeni. Katiba waliiweza, bahasha iwashinde?

Mhubiri wa Mabati:
Ndugu, kwenu ni rahisi. Wakatoliki na ACK wana ardhi tangu enzi za mkoloni, wana shule, wana nyumba za kupangisha. Mimi nina mabati, viti vya plastiki vya kukodi, na mwenye kiwanja anayepiga simu kila mwisho wa mwezi. Hiyo kanuni ya pamoja itaandikwa na nani? NCCK haijawahi kuniita hata kwa chai. Mkikaa wakubwa mkaamua, sisi wadogo tutaitwa wala rushwa, na mvua itaendelea kutunyeshea.

Mpita Njia:
Mimi Mwislamu, nasoma tu. Msidhani misikitini bahasha haziji. Zinakuja, tena mwaka wa uchaguzi zinanenepa.

Mweka Hazina wa Parokia:
Mhubiri ana haki kwa jambo moja: kukataa bila kuziba pengo ni kujisifu. Sehemu ya pesa za Soweto ilikuwa ya nyumba ya mapadre. Nyumba haijengwi kwa tamko la askofu.

Lakini kuna jambo mleta mada hakuligusa. Novemba ileile, siku chache kabla ya pesa kurudishwa, maaskofu wetu walikuwa wakiitaka serikali ilipe deni la NHIF, ule mfuko wa zamani wa bima ya afya ya taifa, kwa hospitali zetu. Hospitali ya misheni ikikosa kulipwa, dawa inakosekana kwa mama wa kijijini, Mkatoliki au asiye Mkatoliki. Deni ni haki yetu, bahasha ni hisani ya mtu. Ukishapokea hisani mbele ya kamera, ukaenda ofisini kudai deni, utaongea kwa sauti gani? Afadhali hospitali zote za makanisa zidai pamoja, kwa barua moja, na mikono iwe mitupu.

Mhubiri wa Mabati:
Sawa, Mweka Hazina, ila mimi sina hospitali.

Mleta mada:
Hapo Mhubiri umenibana, nakubali. Meza ikiwa ya NCCK na Wakatoliki pekee, itawaacha nje makanisa mengi ambako misafara hii inapenda kusimama. Kwa hiyo napendekeza tuanze chini kuliko kukataa: pesa ya mwanasiasa isipokewe taslimu, ipite benki, na kiasi kitangazwe kwa waumini pamoja na kazi iliyofanyiwa. Hilo hata kanisa la mabati linaliweza bila ruhusa ya askofu yeyote. Nashuku wengine wataacha kutoa wakishajua hakuna kamera wala kipaza sauti.

Anayepinga aseme kwa nini. Na mliomo katika kamati za ujenzi, mwambieni Mhubiri: kiwanja mlikilipaje?