Kocha mkubwa anaweza kukiinua chuo kilichoanguka kwa kiasi gani? Tuwalinganishe Snyder, Sanders, Cignetti na Belichick

Shomari_B

Ndugu zangu, kila msimu wa futiboli ya vyuo vya Marekani ukimalizika, vyuo kadhaa huwatimua makocha wao na kutoa mamilioni ya dola ili kumpata mwingine mwenye jina. Ninachotaka tupime ni hiki: chuo kilichozoea kushinda mechi 2 au 3 kati ya 12 kitarajie nini hasa kutokana na fedha hizo? Katika rekodi nitaanza na ushindi, kisha kushindwa.

Nimechagua makocha wanne wasiofanana. Bill Snyder alipewa Kansas State mwishoni mwa 1988, timu ikiwa haijaonja ushindi kwa misimu miwili mizima. Deion Sanders, nyota wa zamani mwenye jina linalovuta vijana, aliichukua Colorado baada ya rekodi ya 1-11 mwaka 2022. Curt Cignetti alipanda kutoka chuo kidogo cha James Madison kwenda Indiana, iliyokuwa imemaliza 2023 kwa 3-9. Wa nne ni Bill Belichick, mwenye mataji 6 ya Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa ya futiboli ya Marekani, akiwa kocha mkuu wa New England Patriots, aliyeajiriwa na North Carolina Desemba 2024. Mimi ningemlipa mtu wa aina ya Cignetti bila kusita, lakini nataka kusikia hoja zenu.

MzeeKobe

Shomari, mwanangu, umempitia Snyder haraka mno. Msimu wake wa kwanza, 1989, alishinda mechi 1 tu. Wa pili akashinda 5, na wa tatu akamaliza kwa 7-4. Mwaka 1998 alishinda mechi 11 za kwanza kabla ya kupoteza fainali ya ligi yao, Big 12, kwa Texas A&M katika muda wa nyongeza, na mwaka 2003 aliichapa Oklahoma 35-7 akatwaa taji hilo la ligi. Alikusanya wachezaji kutoka vyuo vya miaka miwili ambao vyuo vikubwa viliwapita, na mechi za nje ya ligi akazipanga dhidi ya wapinzani dhaifu ili vijana waliokuwa wamezoea kufungwa wajifunze kwanza namna ya kumaliza mechi wakiwa mbele. Ratiba hiyo ilichekwa sana, ila kwa timu iliyokuwa na hali ile sioni ubaya wake.

Alipostaafu baada ya msimu wa 2005, mrithi wake alimaliza misimu mitatu kwa 17-20, na chuo kikamrudisha Snyder mwaka 2009 akiwa anakaribia miaka 70. Wengine husema hilo linathibitisha ukubwa wake. Mimi nililisoma pia kama dosari, kwa sababu baada ya miaka 17 ya kujenga, nyumba ilitikisika mara tu mwenyewe alipotoka.

BintiPwani

Shikamoo, Mzee. Nakubaliana nawe kuhusu Snyder, ila alifanya kazi chini ya kanuni nyingine kabisa. Wakati ule mchezaji aliyehama kutoka chuo kikubwa kwenda kingine alikaa nje msimu mzima kabla ya kuruhusiwa kucheza. Tangu 2021 sharti hilo limelegezwa. Mwaka huohuo wachezaji waliruhusiwa kupata fedha kutokana na majina na picha zao, na kuanzia Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza, kwa michezo yote. Kazi iliyomchukua Snyder misimu mitatu ya usajili sasa inaweza kufanyika katika dirisha moja la uhamisho.

Cignetti alikwenda Indiana pamoja na benchi lake la ufundi na wachezaji zaidi ya 10 waliokuwa wakimfahamu tangu James Madison. Chuo kilichokuwa kikitajwa kama kilichopoteza mechi nyingi kuliko vyote katika daraja la juu kilimaliza 2024 kwa 11-2 na kuingia hatua ya mtoano, na msimu uliofuata kikashinda mechi zote 16 na kuwa bingwa wa taifa, kikiongozwa na kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mipira) Fernando Mendoza, aliyehamia hapo kutoka chuo cha California na kushinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa vyuo.

Sanders naye alilitumia dirisha hilohilo, tena kwa kubadilisha karibu kikosi kizima. Alipata 4-8, kisha 9-4 mwaka 2024, Travis Hunter akichukua Heisman. Hunter na Shedeur, mwana wa kocha, walipoondoka kwenda ligi ya kulipwa, Colorado ilirudi kwenye 3-9.

Fundi_Takwimu

Samahani kwa kuipoza sherehe, lakini tunawahesabu waliofaulu na kuwasahau wengine. Utafiti wa wanasayansi wa siasa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013 ulizilinganisha timu zilizobadilisha kocha na nyingine za hali ileile ambazo hazikubadilisha. Kwa timu mbovu kabisa tofauti ilikuwa ndogo sana, na kwa timu za wastani, zilizobadilisha kocha ndizo zilizofanya vibaya zaidi. Timu iliyoshinda mechi 1 huelekea kupanda mwaka unaofuata, kocha awe mpya au wa zamani.

Kisha mtazameni Scott Frost. Central Florida ilikuwa 0-12 mwaka 2015, akaifikisha 13-0 mwaka 2017. Akaenda Nebraska, chuo alichochezea mwenyewe, akapata 16-31 hadi alipofukuzwa Septemba 2022. Belichick, ambaye hakuwahi kuwa kocha wa chuo, alipata 4-8 msimu wake wa kwanza, wakati North Carolina ilikuwa 6-7 kabla yake. Makadirio yangu mimi ni kwamba kocha mzuri huongeza ushindi wa mechi 3 au 4 ndani ya misimu miwili. Zaidi ya hapo tunazungumzia fedha, ratiba na kwotabeki.

Na kuna jambo ambalo Shomari hakulitaja. Cignetti alipoondoka James Madison, Bob Chesney alishika nafasi yake, akapata 9-4, na mwaka 2025 akakifikisha chuo hicho kidogo hatua ya mtoano ya taifa. Basi sifa ni za kocha au za chuo?

Shomari_B

Fundi, hapo umenibana. Nilichagua aina ya Cignetti kwa kudhani kwamba rekodi ya chuo kidogo inampima mtu, kumbe huenda kwa sehemu inapima mahali alipokuwa. Hata hivyo bado namweka mbele ya wengine, kwa kuwa alihama na watu na mfumo uliokwisha kujaribiwa, jambo ambalo Belichick hakuwa nalo katika ngazi ya vyuo.

Bahati nzuri jaribio la pili limeshaanza. UCLA, iliyomaliza 2025 kwa 3-9, rekodi ileile ya Indiana kabla ya Cignetti, imemchukua Chesney huyohuyo kutoka James Madison ileile. Kwa msimu wa 2026 mimi naweka ushindi wa mechi 6. Fundi, andika yako hapa chini, tusije tukabishana Novemba kuhusu nani alisema nini.

Fundi_Takwimu

Mechi 5.