Wauza orodha za barua pepe, mnaziua kampuni ndogo za usafi na kupulizia dawa. Mkome!

Wakuu, salaam.

Nalisema hili bila kumung'unya maneno. Kuna watu wanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp wakiwauzia wenye kampuni ndogo za kupulizia dawa, kuosha makochi na mazulia na kusafisha matangi ya maji "orodha ya barua pepe 10,000 za Dar". Mwenye biashara ananunua, anabandika tangazo la picha moja kubwa, anawatumia wote kwa mkupuo. Wiki mbili baadaye kotesheni aliyoipeleka hosteli au ofisini haijibiwi. Haijibiwi kwa sababu imelala kwenye folda la spamu (barua taka), pamoja na ankara zake zote. Muuza orodha ameshakula hela na hapokei simu.

Hizo anwani zinakusanywa na programu inayopita kwenye tovuti na kuzoa kila chenye alama ya @: info@, admin@, hata za matangazo ya kazi ya miaka iliyopita. Nyingi zimekufa, ujumbe unagonga na kurudi, na Gmail inahesabu kila unaporudi. Nyingine ni mitego. Anwani iliyoachwa na mwenyewe inaamshwa tena kwa kazi moja tu, ya kuwanasa wanaotuma bila kuombwa. Ukituma huko umejianika, na seva yako inaweza kuingizwa kwenye orodha za kuzuia kama zile za Spamhaus, shirika linaloorodhesha watumaji wa spamu. Kwenye seva ya bei nafuu mnagawana anwani moja ya IP (namba inayoitambulisha seva mtandaoni) na tovuti nyingine nyingi, kwa hiyo duka la jirani yako naye anaungua kwa kosa asilolifanya.

Halafu wanawadanganya kwamba kanuni za Google na Yahoo za Februari 2024 kuhusu kutuma barua pepe ni za wakubwa tu. Ni kweli kwamba anayepeleka barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenye Gmail ndiye anayelazimika kuwa na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni yako), DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye barua) na DMARC (maelekezo ya nini kifanyike barua ikifeli ukaguzi huo) zote tatu, pamoja na njia ya mpokeaji kujiondoa kwa kubonyeza mara moja. Lakini mdogo naye anatakiwa awe na SPF au DKIM, na malalamiko yasifike 0.3%. Piga hesabu: umetuma barua 400, watu wawili tu wakaripoti spamu, tayari uko 0.5%. Mbaya zaidi, kwa idadi ndogo kama hiyo Postmaster Tools, zana ya Google ya kumwonyesha mtumaji hali ya barua zake, mara nyingi haikuonyeshi takwimu yoyote, kwa hiyo unaharibikiwa bila kuona dalili. Anayekimbilia Gmail ya bure atakwama kwenye wapokeaji 500 kwa siku, na akizidisha anafungiwa kutuma kwa hadi saa 24. Wanaoweka watu 200 kwenye CC ndio siwaelewi kabisa: mmemgawia kila mmoja anwani za wenzake 199!

Na sheria ipo. Hapa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka ridhaa ya mteja, utambulisho wa mtumaji mwanzoni mwa ujumbe, na njia ya kukataa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023 na Tume yake inapokea malalamiko. Wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya 2019, nayo haimruhusu mtu kutumia taarifa zako kibiashara kiholela.

Kinachoniuma ni kwamba barua pepe ina kazi nzuri sana kwenye biashara hizi, na ndiyo wanayoiua. Chukua kunguni. Dawa nyingi haziui mayai, na mayai huanguliwa ndani ya siku 6 hadi 10 hivi, kwa hiyo mteja anahitaji kupuliziwa tena kati ya siku ya 10 na ya 14. Barua moja fupi siku ya 9, kwa mtu aliyekubali, yenye tarehe ya kazi ya kwanza na vyumba vilivyopuliziwa, inaleta kazi ya pili bila kumkera mtu. Ridhaa inachukuliwa kwenye karatasi ya kazi: kisanduku ambacho mteja anakiwekea tiki mwenyewe, tarehe, sahihi. Karatasi hiyo itunzwe.

Upande wa ufundi, kosa ninaloliona zaidi ni domeni moja kuwa na rekodi mbili za SPF, moja ya seva ya tovuti na nyingine ya huduma ya kutuma barua. Zikiwa mbili, ukaguzi unafeli. Ziunganishe ziwe mstari mmoja unaoanza na v=spf1, na usisababishe utafutaji zaidi ya 10 kwenye DNS (daftari la mtandao linalotunza rekodi za domeni). Washa DKIM kwenye paneli ya seva. DMARC ianze na p=none (yaani tazama tu, usizuie), usome ripoti kwanza, ndipo ukaze. Kisha jitumie barua kwenye Gmail yako, fungua chanzo cha ujumbe kwenye nukta tatu, uone PASS kwa zote tatu. Hata hivyo, PASS zote tatu haziifanyi barua isiyoombwa ikubalike. Zinathibitisha tu kwamba ni wewe uliyeituma.

Aliyekwishaungua aache kutuma leo, sio kesho. Aifute orodha yote aliyonunua, aangalie kama IP na domeni vimezuiwa, ndipo aombe kuondolewa. Akiomba huku bado anatuma, atarudishwa palepale. Asikimbilie domeni mpya, maana iliyosajiliwa juzi inatiliwa shaka zaidi. Kwa wiki kadhaa awaandikie tu wateja wanaomjibu, na kotesheni za haraka azipeleke kwa WhatsApp au kwa mkono.

Sasa nyie wauza orodha mliomo humu, jibuni hapa hapa: kwenye hizo anwani 10,000, ni nani aliyekubali, lini, na alikubali kupokea nini? Wekeni ushahidi wa kumi tu.