Habasoda, mlonge au vitamini E: kipi kitalinda uzazi wakati wa kemo?

Mwana wa Chumbageni: Assalamu alaykum. Jumatatu mdogo wangu wa kiume anaanza kemo ya saratani Dar es Salaam, naye hajapata mtoto. Hapa Ngamiani nimewekewa mafuta ya habasoda, unga wa mlonge na vidonge vya vitamini E, na fedha zangu zinatosha kimoja tu. Nichukue kipi?

Mstaafu wa Wodini: Wa alaykum salaam. Hukutaja umri, aina ya saratani wala dawa atakazopewa, na dawa hazilingani: saiklofosfamidi, kwa mfano, hudhuru sana korodani.

Mama Pangani: Mimi nasimama na habasoda. Panya waliopewa mafuta yake pamoja na dawa za kemo walibaki na mbegu za kiume nyingi kuliko wenzao. Achanganye na asali.

Msomaji wa Raskazoni: Panya wale, mama yangu, aghalabu hawana saratani. Baadhi ya dawa za kemo huua seli kwa kuzichoma kwa oksidi, na kinachoikinga korodani huenda kikaukinga uvimbe wa saratani pia. Vitamini E nayo si maji: utafiti wa Marekani uliotolewa 2011 ulionyesha kuwa wanaume wenye afya waliomeza yuniti 400 kila siku waliongezewa hatari ya saratani ya tezi dume kwa asilimia 17.

Mama wa Pongwe: Mume wangu alikuwa akinywa dawa ya mizizi kwa siri, akiificha kwenye chupa ya soda chini ya kitanda. Kabla ya mzunguko wa tatu vipimo vya damu vilionyesha ini limechafuka, akarudishwa nyumbani wiki mbili bila sindano, na siku zote hizo nilikuwa nikilipapasa tezi la shingoni mwake nikiliona linakua. Tafadhali, asinywe kitu ambacho daktari hakijui.

Mama Pangani: Mizizi isiyojulikana si habasoda, mwanangu.

Mwana wa Chumbageni: Samahani kwa kuchelewa. Ana miaka 26, ni limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi, na karatasi imeandikwa ABVD.

Mstaafu wa Wodini: Afadhali. Kwa ABVD, mchanganyiko wa dawa nne za kemo, mbegu za wengi hurudi, ingawa hakuna dhamana. Kabla ya sindano ya kwanza aulize kuhusu kuhifadhi mbegu, ambazo hugandishwa katika naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Katika vitu vyako vitatu hakuna kinachofikia hapo.

Mama Pangani: Na akimaliza kemo, habasoda mtamruhusu?

Mwana wa Chumbageni: Anayemsindikiza ni mama yetu, na kijana hawezi kutamka habari za mbegu mbele yake. Je, fedha hizi nizifanye nauli, niende naye mimi?