Mrejesho: Nilisema upendo umeniishia

Wapendwa, mimi ndiye niliyeuliza mwezi wa 3: mama mkwe kapata kiharusi, kahamia kwetu, hajanikubali tangu siku ya posa, nami sina tena upendo wa kumpa. Wengi mlinitumia 1 Wakorintho 13, ile sura ya upendo. Hiyo naijua kwa kichwa, ilisomwa kwenye harusi yetu! Aliyenifungua macho ni dada aliyenielekeza Warumi 5:5, kwamba pendo la Mungu limemiminwa mioyoni mwetu na Roho Mtakatifu. Limemiminwa. Basi nikaacha kujikamua. Kila asubuhi kabla ya kumgeuza naomba: "Baba, leo sina, nipe."

Sijawa malaika. Juzi alinitemea uji kwenye kanga, nikaenda kulia nyuma ya banda la kuku. Mume wangu sasa anashika zamu ya usiku (tuligombana wiki 2 kabla hajakubali).

Jumapili nilipokuwa namkata mama mkwe kucha, mkono wake usiopooza ulinishika kiganja, akasema kwa ulimi mzito, "Mwanangu." Miaka 11 alikuwa akiniita "huyo". Binti yangu akacheka, bibi naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Uji bado anautema.