Kumfaulisha kila aliyelipa kwenye kozi ya kuzamia mapangoni ni kuua watu

Wakuu salaam. Hili nimekaa nalo kifuani tangu mwezi wa tatu, leo nalitoa. Uzi ni mrefu.

Kwa wasionijua, mimi nimezamia baharini miaka kumi na moja. Nilianzia Nungwi kubeba mitungi kwenye boti, nikawa kiongozi wa wageni, mwisho nikawa mwalimu. Sasa naishi Florida. Kaskazini mwa jimbo hili ardhi ni chokaa iliyotobokatoboka, chemchemi zinachomoza kutoka mapangoni, maji maangavu, nyuzi 22 mwaka mzima. Watu wanasafiri kutoka kila pembe kuja kuzamia chemchemi za Ginnie na Peacock. Nikajinyima mwaka mmoja na nusu, nikalipia kozi ya pango. Mwalimu na shule siwataji.

Kwenye milango ya mapango haya, chini ya maji kabisa, kuna bango lenye picha ya mauti kashika mundu. Limeandikwa kwamba zaidi ya wazamiaji 300 wamefia mapangoni, wakiwemo walimu wa uzamiaji. Walimu wa bahari, yaani watu kama mimi. Baharini ukibanwa unapanda juu. Pangoni juu yako ni mwamba, na njia ya kutokea ni ile uliyoingilia. Ukipiga mapezi vibaya mara mbili tu, tope la sakafuni linapanda, tochi yako inakuwa kama taa za gari kwenye ukungu wa Lushoto. Ndiyo maana kuna kamba, inafungwa nje penye mwanga na haikatiki mpaka mwisho wa safari yenu. Ukiipoteza kamba umepotea.

Sasa sikilizeni siku ya tatu, Peacock. Zoezi ni kutoka gizani. Mnajifanya taa zote zimezimika, miwani inafunikwa, vidole vinaizunguka kamba kama pete bila kuivuta, wa nyuma kamshika wa mbele, mnatoka kwa kupapasa. Nilikuwa mbele. Tukafika mahali kamba imezungushwa kwenye jiwe. Nikabadilisha mkono, na katika kubadilisha nikaiachia. Napapasa hakuna kitu. Jiwe, jiwe, maji matupu. Mwenzangu nyuma naye alikuwa ameshaiachia yake, ameng'ang'ania mguu wangu tu. Nilisikia pumzi zangu zinavyokimbia.

Hapo ndipo somo lilipokuwa. Mtu aliyepoteza kamba anatakiwa atulie, ashike mwamba, atoe kibobini chake cha akiba (kigurudumu kidogo cha uzi), afunge uzi pale alipo, kisha aanze kutafuta huku mkono ukifagia, ili akikosa upande huu aweze kurudi pale alipoanzia. Mwalimu alifanya nini? Alinishika kiganja akakirudisha kwenye kamba. Tukatoka. Juu akasema "vizuri sana, zoezi limekwisha." Limekwishaje? Tungekuwa peke yetu tungekufa wote wawili! Hatukurudia. Zoezi lenyewe la kutafuta kamba tulikuwa tumelifanya mara moja tu, nchi kavu, uzi umezungushwa kwenye miti ya maegesho, dakika kumi hivi. Kuanzia nchi kavu si kosa, walimu wote wazuri wanaanzia huko. Kosa ni kuishia huko.

Kuhusu hewa. Kanuni inajulikana: theluthi ya kuingilia, theluthi ya kutokea, theluthi ya dharura. Una baa 200 (kipimo cha msukumo wa hewa mtungini), theluthi ni 66, unashusha iwe 60, geji ikisoma 140 unageuka, hata kama mbele kuna dhahabu. Mitungi ikitofautiana hesabu inafanywa upya, na mwenye hewa kidogo ndiye anayeamua mwende mpaka wapi. Mwalimu wetu hakutufanyisha hesabu hata siku moja. Alituambia tu "mkifika 130 rudini", sote namba moja, wakati mwenzangu alikuwa na mitungi midogo kuliko yangu. Sheck Exley, mzamiaji mkongwe wa mapangoni, alizichambua ajali za mapangoni na kuchapisha matokeo mwaka 1979, na sababu alizozikuta ni kamba, hewa na kina. Baadaye yakaongezwa mafunzo na taa. Hakuna jipya hapo, na bado mtu analipwa kufundisha akiwa ameiruka hesabu ya hewa.

Lakini lililonichoma kuliko yote ni la siku ya nne. Mwenzetu wa tatu alikuwa mtu mzima, mkimya, anajituma. Tupo ndani, akainua kidole gumba. Kwa wazamiaji hiyo haina maana ya "safi". Maana yake ni kwamba mzamo umekwisha, tunatoka wote, na haijibiwi kwa swali. Mtu yeyote, wakati wowote, kwa sababu yoyote, hata kama hana sababu. Mwalimu akatikisa kichwa, akaonyesha mbele. Yule mzee akainua tena. Mwalimu akamshika bega, tukaendelea dakika kama tano ndipo tukageuka. Juu akamwambia mbele yetu, "ulikuwa na woga tu, usiulee." Mimi nilinyamaza. Mpaka leo najilaumu kwa kunyamaza kule.

Siku ya sita wote watatu tukapewa kadi ya kufuzu. Mimi niliyepoteza kamba, kadi. Mwenzangu ambaye magoti yanaburura sakafuni, kadi.

Najua mtasema nilikuwa mwanafunzi mbovu. Kweli, nilikuwa mbovu! Kwa hiyo kwa nini nilipewa kadi? Bahari ilikuwa imenizoesha vibaya, napiga mapezi juu chini, nasimama wima kama mtu anayesubiri daladala. Hayo yanaonekana ndani ya dakika mbili kwa mwenye macho, na yeye aliyaona. Wanafunzi nasi tuna lawama, tukishalipa tunaiona kadi kama mzigo tuliouacha dukani. Lakini anayejua hatari ni mwalimu. Sahihi ni yake.

Nikaandika malalamiko kwa chama kilichotoa kadi, nikataja tarehe na mapango. Jibu: tumepokea. Miezi mitano sasa.

Baadaye nikaenda kwa mwalimu mwingine, mama mmoja wa makamo. Siku mbili nzima hakuniingiza pangoni. Alinining'iniza kina cha mita tatu, dakika ishirini, mapezi yasiguse wala kupiga chochote, huku navua miwani, nafunga na kufungua vali za mgongoni, natoa mpira mrefu wa hewa kumpa mwenzangu. Akanirekodi video. Jioni tukakaa mezani akasimamisha picha pale magoti yangu yanapoanza kushuka, akaniuliza, "hapa ulikuwa unafikiria nini?" Nilikuwa nafikiria vali. Akasema basi rudia mpaka uweze kufikiria vali na magoti yasishuke. Mara ya kwanza alininyima kadi. Nililipa tena, nikarudi, na sikuona uchungu wa ile hela.

Vijana wa Nungwi, Mafia na Diani mnaoniuliza inboksi kozi gani ni nafuu, ulizeni kwanza mwalimu huyo ameshawahi kumnyima nani kadi, na kwa kosa gani. Akisema hajawahi, shikeni hela zenu. Mwombeni pia mzame naye mzamo mmoja wa kawaida kabla ya kulipa, mkae nyuma yake mwangalie miguu yake. Wangu wa kwanza alikuwa anatimua tope yeye mwenyewe, nami nikajiambia labda ndivyo inavyokuwa. Na msione haya ni ya Florida peke yake, hata kwetu kuna mapango yenye maji, Kuza pale Jambiani mnaijua.

NYONGEZA: Mdau ameuliza yule mzee wa kidole gumba aliishia wapi. Aliacha. Aliuza mitungi na taa zote, akaniambia huenda kweli hana moyo wa kazi hii. Nimempigia mara mbili kumweleza kwamba siku ile ni yeye peke yake aliyefuata sheria. Hajapokea, nitampigia tena Jumamosi.