Mjadala: Je, shule ziendelee kutangaza majina, asilimia na madeni ya wanafunzi hadharani?

Mzazi, Katuba (mwenye kuanzisha mada)

Ndugu wazazi, walimu na wakurugenzi wa Lubumbashi, ninaleta mbele yenu jambo ambalo wengi wetu tunalichukulia kuwa desturi tu. Mwisho wa mwaka wa masomo, siku ya proklamasyo, mwalimu husimama uwanjani na kusoma majina ya darasa zima, kuanzia wa kwanza hadi wale wanaorudia darasa, kila jina na asilimia yake. Nami nilisomwa hivyo utotoni, na sikuona ubaya wowote. Lakini siku hizi orodha ileile hupigwa picha, au hutengenezwa faili, ikatumwa katika kundi la WhatsApp la wazazi, na kabla ya jua kuchwa imeshafika Likasi, Kolwezi na kwa mashemeji walioko Ulaya. Uwanja ulikuwa na mipaka yake: aliyekuwapo alisikia, asiyekuwapo alisimuliwa, na likizo ilipokwisha watu walikuwa wamesahau. Faili hubaki katika simu za watu ambao shule haiwajui.

Katika shule moja ambayo sitaitaja, faili tuliyotumiwa haikuwa na asilimia peke yake. Ilikuwa na tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto, jina la mzazi, namba yake ya simu, na katika safu ya mwisho minervali, yaani karo ya shule, ambayo haijalipwa. Baadaye baadhi yetu tulipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa katibu wa shule, akitaja jina la mtoto, darasa lake na deni lenyewe hadi faranga ya mwisho, akitutaka tutume kwa simu fedha za kumwandikisha kwa mtihani wa Serikali. Mzazi atamshuku vipi mtu anayejua yote hayo?

Sheria hazikosekani. Ibara ya 31 ya Katiba ya nchi yetu, Kongo (DRC), ya tarehe 18 Februari 2006 inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa faragha yake, wala haikumtenga mtoto. Amri-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, ambayo ndiyo Sheria ya Dijitali, ina sehemu nzima inayohusu taarifa binafsi, na inaweka mamlaka ya kuzilinda. Hata buletini yenyewe, karatasi ya alama za mtoto, ina maandishi chini yanayokataza kabisa kuitoa nakala, ingawa nadhani aliyeyaandika aliogopa zaidi buletini za bandia kuliko siri ya mtoto. Pendekezo langu ni hili: shule isisome, isibandike wala isitume orodha yoyote inayounganisha jina na asilimia au deni. Kila mzazi apewe ya mtoto wake.

Mkurugenzi mstaafu wa shule ya msingi, komini ya Kenya (hapa Lubumbashi)

Ndugu yangu wa Katuba, nimesoma maneno yako kwa heshima, na kuhusu namba za simu na madeni sina la kukupinga. Mtoto hashiki mfuko wa nyumba, na kumsimamisha mbele ya wenzake kwa sababu ya minervali ni aibu ambayo sisi wakuu wa shule tuliivumilia mno. Lakini kuhusu matokeo unabomoa ukuta bila kuuliza ulijengwa kwa nini.

Sote tunajua kwamba alama huuzwa. Zinanunuliwa kwa bahasha, na kwa wasichana wetu zinadaiwa kwa njia ambayo ni haramu kuitamka mbele ya watoto. Dhidi ya uovu huo, kusoma matokeo hadharani kulikuwa ukaguzi ambao hakuna aliyeweza kuuhonga. Wanafunzi wanajuana. Mtoto ambaye mwaka mzima alishindwa kugawanya akisomwa wa tatu, minong'ono huanza palepale uwanjani, na mwalimu atalazimika kueleza. Ukitia kila matokeo ndani ya bahasha iliyofungwa, nani atalinganisha? Utakuwa umemlinda mtoto asione haya, na kumlinda pia mwalimu aliyeuza alama.

Tena Serikali yenyewe hutangaza majina na asilimia za waliofaulu mtihani wa mwisho wa sekondari. Siku hiyo watu humwagiana poda mitaani mpaka usiku. Utawaambia familia hizo kwamba ni siri?

Mama muuzaji, soko la Kenya

Mzee Mkurugenzi, wanaomwagiwa poda ni waliofaulu. Binti yangu alisomwa miongoni mwa waliofeli, na majirani walijua kabla yangu, kwa kuwa nilikuwa sokoni. Hakutaka kurudi shule ileile, ikabidi nitafute nyingine na kulipa upya.

Mwalimu wa sekondari, Kampemba

Mnazungumza juu ya watoto, na ni haki yenu, lakini walimu nasi tumo katika faili za namna hiyo. Orodha za malipo za SECOPE, idara ya Serikali ya malipo ya walimu ambayo leo imekuwa DINACOPE, huzunguka katika simu zikiwa na jina, namba ya matrikula, shule na kiasi cha fedha. Mkopeshaji wa mtaani anajua mshahara wangu, mwenye nyumba anaujua, na wanafunzi wa mwaka wa sita wameufanyia hesabu ya asilimia.

Hata hivyo, ningekuwa mwongo nikisema kwamba nataka orodha hizo zifungiwe kabatini. Mwalimu ambaye hajamekanizwa, anayefundisha bila mshahara wa Serikali, mara nyingi hugundua kwamba jina lake limeingia, au limepotea, kwa sababu tu kuna mtu aliyevujisha orodha. Ofisini angeambiwa arudi kesho, na kesho yake arudi tena. Baada ya elimu ya msingi ya umma kuanza kutolewa bure mwezi Septemba 2019, Ukaguzi Mkuu wa Fedha ulichunguza malipo ya walimu, na mambo ya shule hewa na walimu hewa yakafika hadi mahakamani. Tukificha majina yote kwa kisingizio cha faragha, tutakuwa tumempa mwizi pazia. Ninachokubali ni orodha inayobandikwa shuleni kwetu, yenye jina na hali ya mwalimu: analipwa au halipwi. Kiasi, akaunti ya benki na namba ya simu vibaki kati yangu na anayenilipa.

Fundi wa kompyuta, Kamalondo

Nitaongeza ya kiufundi tu. Tanzania hutangaza matokeo ya kidato cha nne kwa namba ya mtahiniwa bila jina, na kila mtu anaweza kuona shule ilivyofanya. Kwetu buletini tayari ina visanduku vya namba ya kudumu ya mwanafunzi, hivyo njia ipo. Lakini jihadharini: orodha ya namba ikifuata mpangilio uleule wa alfabeti wa daftari la mahudhurio, haijaficha kitu, kwa sababu darasa zima litahesabu mistari.

Uvujaji nao hauanzii WhatsApp. Shule nyingi hazina printa, kwa hiyo katibu hupeleka fleshi kwenye kibanda cha kupiga chapa na fotokopi, na faili hubaki katika kompyuta ya mtu mwingine. Wala msidhani kwamba kununua programu kubwa ni dawa. Mwezi Desemba 2024 wadukuzi waliingia katika mfumo wa PowerSchool, unaotumiwa na shule nyingi za Marekani na Kanada. Kampuni ikalipa kikombozi ili taarifa zifutwe, na mwezi Mei 2025 shule kadhaa zikaanza kutishwa kwa taarifa zilezile. Kuhusu adhabu, Nairobi mwezi Septemba 2023 shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Taarifa ambayo shule haikuikusanya haiwezi kuvuja: orodha ya matokeo inahitaji tarehe ya kuzaliwa kwa kazi gani?

Mzazi, Katuba

Mzee Mkurugenzi, hoja yako ya alama zinazouzwa imenigusa, na bahasha peke yake haitoshi. Nakubali kwamba daftari la majadiliano ya walimu, lenye majina na alama zote, liwekwe shuleni kwa wiki moja baada ya proklamasyo, ili mzazi yeyote wa darasa hilo aje, asaini, asome na alinganishe mbele ya mjumbe wa kamati ya wazazi, bila kupiga picha. Mwenye minong'ono atapata pa kuipeleka. Pendekezo la Mwalimu kuhusu walimu nalichukua kama lilivyo, kwa kuwa mshahara unatoka katika hazina ya umma, jambo ambalo si kweli kwa asilimia za mtoto.

Kuhusu kusoma majina ya waliofeli uwanjani, tunabaki mbalimbali, na nitapinga jambo hilo katika mkutano wa wazazi kabla ya uandikishaji. Prefe (wakuu wa sekondari) na wakurugenzi mnaosoma hapa, ninaomba jibu la swali moja kwanza: katika shule yenu, ni nani hasa anayeshika faili yenye namba zetu za simu, na inafutwa lini mtoto akishaondoka?