Mtwara 2020: msiba wetu ulivunjwa kwa tamko, futari ya mheshimiwa ikaliwa. Leo anaitwa mtetezi wa wanyonge!

Wakuu, salaam. Wa Mtwara, wa Lindi, na nyie mliojazana Mbagala huko.

Leo naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina. Tuna kundi la WhatsApp la mtaa wetu hapa mjini. Juzi mkereketwa mmoja katuma picha ya mheshimiwa mmoja wa zamani, ambaye tunasikia anajipanga kurudi, akaandika chini yake: "Mtetezi wa wanyonge kipindi cha corona." Nikauliza, huyu huyu ninayemjua mimi au kuna mwingine? Basi nikashambuliwa. Eti nina kinyongo. Eti natumika. Mzee mmoja akanipiga na methali, yaliyopita si ndwele. Shikamoo mzee wangu, nakuheshimu, lakini hii ndwele mie bado inaniuma, na anayenituliza ndiye aliyekula pilau siku ile.

Turudi nyuma kidogo kwa faida ya vijana waliokuwa darasa la tatu. Tarehe 16 Machi 2020 alitangazwa mgonjwa wa kwanza Tanzania. Kesho yake Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, aliyekuwa mbunge wa Ruangwa hapa jirani, akatangaza shule zimefungwa na mikusanyiko isiyo ya lazima marufuku: ligi, matamasha, mikutano ya siasa, semina. Misikiti na makanisa yakaachwa wazi. Hatukufungiwa ndani kama Wakenya waliopigiwa kafyu ya usiku, wala kama Afrika Kusini ambako hata sigara na pombe vilizuiwa kuuzwa. Hilo mimi sikulilalamikia na silalamikii leo. Mama anayesubiri samaki feri ukimfungia ndani wiki moja, watoto hawali. Hata sherehe za Muungano za Aprili zilifutwa, tukaambiwa fedha zake zinakwenda kwenye corona. Nikasema sawa, wakubwa nao wanajinyima.

Sasa njoo huku chini mtaani uone ilivyokuwa.

Mjomba wangu alifariki ndani ya Ramadhani mwaka ule. Wa bara mnaweza kusema mjomba tu. Huku kusini mjomba ndiye mwenye ukoo. Mmakonde, Mwera, Myao, Mmakua, wote watakwambia hivyo. Mjomba akiondoka watu wanatoka Newala, wanatoka Tandahimba, wanatoka Kitaya mpakani, wanakuja na unga wao na mikeka yao, na yapo mambo ya ukoo lazima yasemwe pale, ya nani anashika nafasi, ya watoto waliobaki, ya madeni ya marehemu. Hayasemwi kwa simu.

Tumezika asubuhi, salama. Jioni, mabibi wako jikoni, turubai limefungwa, akaja mtu wa ofisi moja ya huku chini (ofisi siitaji, msiniulize) na wenzake wawili. Mkusanyiko huu umezuiliwa. Turubai lishuke. Walionyesha karatasi? Hawakuonyesha. Walisema ni watu wangapi wanaruhusiwa? Mmoja alisema kumi, mwingine akasema wanafamilia tu. Wanafamilia! Ndugu zangu, ukimwambia Mmakonde msibani wabaki wanafamilia tu, umebakiza kata nzima. Tukabembeleza, tukasema tutakaa mbalimbali, ndoo ya maji tiririka ipo pale mlangoni na sabuni. Hapana. Turubai lilishushwa, sufuria zikaepuliwa na wali mbichi ndani, bibi zetu waliotoka Newala wakapandishwa gari usiku uleule wamebanana siti moja watu watatu. Kama ugonjwa ulikuwepo, basi waliubeba kwenye hiyo Hiace, si pale uwanjani kwenye upepo. Kaka yangu alitakiwa atoe "faini" ya elfu thelathini kwa kukusanya watu. Akatoa. Risiti mpaka leo.

Hata hapo ningenyamaza. Nilijiambia ugonjwa ni ugonjwa, hatuujui, na takwimu zenyewe za corona za Tanzania Bara zilikoma kutolewa mwishoni mwa Aprili, kwa hiyo tulikuwa tunazika tu bila kujua nini kimeua. Mtu anayetekeleza amri nisimlaumu sana.

Wiki hiyohiyo mheshimiwa akaita watu. Shughuli yenyewe ni ya KUGAWA NDOO ZA KUNAWIA NA BARAKOA. Mnaelewa? Ili kuwakinga watu na msongamano, aliwasonga uwanja mzima. Gari la matangazo lilipita tangu asubuhi. Watu wakaletwa kwa Fuso wamesimama kama magunia ya korosho. Ndoo zimeandikwa jina lake ubavuni kwa rangi. Kina mama wakasukumana kugombea barakoa ya kitambaa, huku wapiga picha wanasema sogeeni, sogeeni, mnaacha nafasi katikati, picha haitapendeza. Na yule bwana aliyeshusha turubai letu alikuwepo. Alikuwa anapanga mistari.

Jioni, futari nyumbani kwa mheshimiwa. Turubai, tena si moja. Viti vya kukodi. Masufuria yale makubwa ya shughuli. Ma-V8 yamejaa barabara mpaka bajaji zinapita kwenye mtaro. Shangazi yangu alipita pale anatoka sokoni, akasimama, akaangalia, akasema maneno mawili ya Kimakonde ambayo humu sitayaandika.

Hiyo ndiyo hasira yangu. Futari ni thawabu, hata angelisha mkoa mzima. Ila ile sheria iliyomfukuza bibi wa Newala na wali wake mbichi ilikuwa inasimama getini kwa mheshimiwa inapokea wageni.

Kuna mtu atasema wanasiasa wote duniani walifanya hivyo. Kweli walifanya. Sasa hebu tuangalie kilichowapata.

Uingereza, Boris Johnson alikuwa Waziri Mkuu, ndiye anawatangazia watu kwenye televisheni wakae ndani. Watu walikufa hospitalini bila mtoto wao kuwashika mkono, misiba ikawekewa idadi. Kumbe ofisini kwake sherehe zinaendelea. Usiku wa kuamkia mazishi ya mume wa Malkia Elizabeth, Aprili 2021, wafanyakazi wa pale walikuwa wanakunywa na kucheza muziki. Kesho yake Malkia mwenyewe akakaa peke yake kanisani, bibi wa miaka 94, kwa sababu kanuni ilisema hivyo. Zilipofumuka hizo habari polisi walitoa faini 126. Waziri Mkuu naye akapigwa pauni 50 kwa shughuli ya siku yake ya kuzaliwa ya Juni 2020. Pauni 50 kwa mtu kama yule ni pesa ya chai, najua. Lakini alilipa, ikaandikwa, na uongo uongo wa kuificha ulichangia kumng'oa. Waziri wao wa afya, Matt Hancock, alinaswa na kamera akimkumbatia msaidizi wake kipindi cha "kaeni mbalimbali". Akajiuzulu Juni 2021.

Mtasema hao Wazungu. Haya, Afrika Kusini: Aprili 2020 waziri wa mawasiliano, Stella Ndabeni-Abrahams, alikwenda kula chakula cha mchana kwa rafiki yake, naibu waziri wa zamani, wakati nchi imefungwa. Picha ikarushwa mtandaoni na mwenyeji mwenyewe, ujinga mtupu. Rais Ramaphosa akamweka pembeni miezi miwili, mmoja bila mshahara, na waziri huyo akalipa faini randi 1,000. Chakula cha mchana tu! Hakukuwa na Fuso pale.

Na Kenya, hapo tu. Seneta wa Nairobi, Johnson Sakaja, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti ya kushughulikia corona. Mwenyekiti! Julai 2020 akakamatwa baa baada ya muda wa kafyu. Alifikishwa mahakamani, akakiri kosa, faini shilingi 15,000 za kwao, uenyekiti akauachia. Sasa sitaki kuwapamba Wakenya. Polisi hao hao walimpiga risasi mtoto wa miaka 13 akiwa kwenye kibaraza cha ghorofa ya kwao, siku za mwanzo kabisa za kafyu. Na Sakaja mwaka 2022 wakamchagua gavana wa jiji. Kwa hiyo wapiga kura nao wana yao. Lakini lipo jalada. Kuna mahali pameandikwa kwamba mkubwa fulani, siku fulani, alivunja amri aliyotakiwa kuisimamia, akatozwa.

Sisi jalada liko wapi? Hakuna, na nimekaa nikafikiri kwa nini hakuna. Kafyu ya Kenya iliandikwa kwenye gazeti la serikali, ina saa ya kuanza, ina saa ya kuisha, ina adhabu. Ukimkuta seneta saa saba usiku ana glasi mkononi, umemkuta. Kwetu mambo mengi yalikwenda kwa tamko. Mkubwa kasema jukwaani, wa mkoa kaongezea lake, wa wilaya lake, likifika mtaani lina mikia mitatu na kila mmoja anashika mkia anaoupenda. Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 ipo, ndiyo, lakini pale msibani hakuna aliyetusomea kifungu. Tamko halina kifungu. Na tamko lisilo na kifungu utamkamata nalo nani aliye juu, wakati yeye ndiye anatamka? Linamkamata mama ntilie. Linamkamata dereva bajaji wa Skoya. Linamkamata marehemu mjomba wangu.

Sitaki niwe mtu wa kulaumu kila kitu. Mzee Mkapa alipozikwa Lupaso, Masasi, Julai 2020, watu walijaa, na mimi hilo siliweki humu. Nchi ilikwishatangaziwa kwamba corona imeondoka, shule zimefunguliwa, na yule alikuwa mzee wetu wa kusini. Kampeni za mwaka ule, Agosti mpaka Oktoba, nazo ni vilevile, viwanja vilifurika vyama vyote, na tamko lilikuwa limebadilika. Ukitaka kubisha hapo utabisha na tamko lenyewe, si na mtu kulivunja. Mimi nazungumzia siku zile amri ipo, inatuuma sisi, na yeye anaipita pembeni.

Kisha ikaja 2021. Rais Samia akaunda kamati ya wataalamu, barakoa zikarudi, Julai 28 akachanjwa hadharani. Kwake nampa haki yake, alivaa, na alichanja tukiona. Huku kwetu sasa! Mtu anashuka kwenye gari barakoa iko kidevuni, anaipandisha puani kamera ikiwaka, anaishusha aanze hotuba ya nusu saa kuwaambia wananchi wa kusini ni wabishi, hawataki kuvaa barakoa, hawataki kuchanja. Anawatemea mate safu ya mbele yote. Nikamuuliza jirani yangu, wewe utachanja? Akanijibu: wao mbona hawaogopi? Hilo jibu nililisikia sana mwaka ule, kuliko habari zote za chanjo ni hatari. Mtu alimwangalia mheshimiwa anavyokumbatiana na watu, akahitimisha kwamba anajua kitu sisi hatukijui.

Na mchezo haujaisha. Kila mvua zikianza na hofu ya kipindupindu, wa kwanza kuondolewa barabarani ni mama wa uji, wa mihogo na wa matunda ya kukata. Sawa, ugonjwa wa kinyesi haubembelezwi. Lakini siku hiyohiyo kuna kikao ukumbini, chakula kimepikwa nyuma kwenye mabanzi, sahani zinasuuzwa kwenye beseni moja, na hakuna bwana afya anayechungulia.

NYONGEZA 1: Mdau mmoja kaniambia "ungeenda kulalamika ngazi za juu". Ndugu yangu, ngazi za juu ndizo zilikuwa zinakula futari.

NYONGEZA 2: Wanaonifuata pembeni wakitaka jina, sitoi. Moja, sina hela ya wakili. Pili, mkisoma vizuri mtaona nyie wa Lindi mnadhani ni wenu, wa Masasi mnadhani ni wenu, na wa Kilwa kanipigia simu anaapa ni wao. Basi gawaneni.

NYONGEZA 3: Aliyeandika kwamba mjomba wangu "angekuwa mtu wa maana" wasingeshusha turubai. Nimeisoma. Namwachia Mungu, na uongozi wa jukwaa nimewaripotia.

Ninachotaka kwenye uzi huu ni kimoja, wengine nendeni mkabishane siasa kwingine. Wewe uliyetozwa hela 2020 au 2021 kwa msiba, harusi, unyago, kukosa barakoa au kuzidisha abiria, andika ni wilaya gani, mwezi gani, shilingi ngapi, na kama ulipewa risiti. Majina ya watu msiweke. Naanza mimi: Mtwara mjini, Mei 2020, elfu thelathini, hakuna risiti.